Beseni Nililoliosha

Nachingwea, Jumamosi, Juni 1955

Asubuhi kulikuwa na baridi na upepo wenye vumbi, ule unaofanya mabati yagongane. Sasa jua limelala upande wa reli na nyumba yetu imejaa rangi ya chungwa. Ingekuwa jioni nzuri, kama si mimi.

Saidi yuko uani, ameinama juu ya karai, anasafisha chujio la waya kwa brashi na mafuta ya taa. Namwona mgongo tu. Naupenda mgongo ule. Mwezi uliopita nilikuwa mwari wa Ruangwa ninayesoma vitabu vya shule kwa mara ya pili kwa kukosa vingine, na leo nina mume ambaye akipiga mluzi njiani moyo wangu hutangulia mlangoni. Tangu tuoane nimeandika humu mambo matamu matupu.

Leo siwezi.

Bwana Karim, mwenye duka la nguo, ana gari kubwa la Kimarekani alilouziwa na mzungu mmoja wakati mradi wa karanga ulipofungwa na watu wakaondoka. Halina pedeli ya klachi. Unakanyaga moto, gia zinabadilika zenyewe, na Bwana Karim hupenda kulitimua kwenye barabara pana zilizoachwa na matrekta mpaka kuku wa mji mzima wanalijua. Miezi michache sasa lilikuwa likinguruma bila kwenda. Mafundi wote walisema lipelekwe Dar es Salaam. Mume wangu akasema ataliweza.

Alinieleza jambo hilo kwa furaha kubwa, kitandani, kana kwamba ananisimulia hadithi. Kwamba gari linalosemwa halina klachi lina klachi nyingi tumboni, sahani nyembamba zilizopangwa kama chapati, zinazoogelea ndani ya mafuta mekundu. Mafuta yakichakaa hunuka kuungua, na chujio likiziba klachi hukosa nguvu ya kushikana. Nilimsikiliza nikitazama midomo yake. Aliniambia pia kwamba gari likipona, Bwana Karim atampa banda lililo nyuma ya duka liwe karakana yake mwenyewe. Tukaanza kupanga mlango utazame wapi.

Sahani mpya zilikuja kwa meli mpaka Mtwara, kisha kwa treni. Kule anakofanya kazi kuna vumbi la barabara, kwa hiyo Jumatano jioni alizileta nyumbani. Alisema hajui mahali pasafi kuliko kwangu. Alhamisi asubuhi, akiwa tayari mlangoni, akaniambia, "Zuhura, nimeloweka vitu kwenye beseni." Akaenda zake.

Nimeloweka.

Somo wangu, yule mama aliyenifunda kabla ya harusi, alinirudilia neno moja mpaka nikaliota: mume akiloweka kitu, kisilale, jua lisizame kikiwa ndani ya beseni. Kwetu kitu kikilowekwa kinangoja kuoshwa. Nilifunua beseni langu la harusi, lile jeupe lenye maua ya bluu, nikakuta vyuma vyenye ngozi ya kahawia, vimejaa mafuta. Nikacheka peke yangu. Nikasema mume wangu ananijaribu, anataka kuona kama mke wa shule anajua kusugua.

Mafuta nikayamimina kwenye ndoo. Sahani nikazipeleka bombani, nikazisugua kwa sabuni na mchanga kama ninavyosugua sufuria. Moja moja, pande zote. Nilikuwa naimba. Nikazianika juani kwenye mkeka, zikakauka, nyingine zikaanza kujikunja pembeni kama majani ya mtama. Hilo pia niliona ni zuri.

Ndipo akaja Alfonsi, fundi mwenzake, Mmakonde wa Newala asiyepitisha nafasi ya kutania. Alisimama nje ya ua, hakuingia.

"Shemeji, mumeo anasema beseni lisiguswe hata na kuku. Zile sahani zinywe mafuta mpaka kesho. Amesema mara tatu, kama mtu aliyeacha mtoto mchanga."

Nikamjibu, "Sijaligusa."

Neno lilitoka lenyewe, laini kabisa. Alfonsi akaenda, nami nikazirudisha sahani ndani ya beseni, nikamimina mafuta juu yake. Yalikuwa mekundu vilevile. Nikajiambia, mafuta ni yale, sahani ni zile, nani ameumia?

Usiku ule Saidi alinionyesha namna anavyosafisha chujio kwa brashi, maana kitambaa huacha nyuzi, na uzi mmoja unaweza kuziba tundu dogo ndani ya giaboksi. "Sembuse mchanga," akasema. Nilimwekea chai. Hapo ndipo ningesema. Alikuwa amefurahi mno, na mimi nilipenda kutazama furaha ile kuliko nilivyopenda kusema kweli. Hilo ndilo linalonichoma. Nililiita mapenzi.

Jana amezifunga ndani. Leo mchana nilimpelekea chakula nikiwa nimekusudia kumwambia, lakini nilikuta amekwisha kumimina mafuta, injini inanguruma, Bwana Karim amesimama na kofia mkononi. Alfonsi aliponiona akasema, "Mpishi amefika, sasa gari litakwenda hata bila petroli."

Bwana Karim akacheka. "Saidi, lijaribu njia ya Ruangwa. Mpeleke bibi harusi akamsalimie mama yake, lakini usinirudishie gari lenye harufu ya muhogo."

Nikaingia. Mungu anisamehe, nilifurahi. Gari liliteleza kama maji kwenye jani, gia zikabadilika bila kushtuka, upepo ukanivua ushungi, na Saidi akanitazama kwa namna ambayo nitaikumbuka nikiwa bibi kizee. Nilianza kuamini kwamba Mungu amelifunika kosa langu.

Kwenye mlima wa kwanza injini ikapiga kelele na gari likabaki pale pale.

Saidi aliliachia liteleze nyuma mpaka pembeni, hakuzima injini, akafungua boneti. Akachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta, akakipangusa kwa vidole. Akavisugua vidole vile taratibu, kidole gumba juu ya kidole cha shahada, kama mtu anayepima unga sokoni.

"Mchanga," akasema. Hakuniambia mimi. Aliuambia mkono wake.

Nikamwambia yote. Beseni, bomba, sabuni, Alfonsi. Nilipomaliza alirudisha kijiti mahali pake.

"Kuosha si kosa. Mimi ndiye niliyesema nimeloweka." Akafunga boneti. "Lakini uliniacha nikafunga, Zuhura."

Tulirudi polepole kwa gia ya chini, tukisimama kila mara mafuta yapoe. Mama yangu bado ananingoja, nadhani, bila kujua kwamba nilikuwa njiani.

Watu wote wa karakana anakofanya kazi walikuwa wamesimama wakitungoja. Nilifungua mdomo, lakini Saidi alitangulia. Akasema kosa ni lake, ameziloweka mahali pabaya, mchanga umeingia. Bwana Karim hakufoka. Alivaa kofia yake tu, akasema lile banda atamfikiria fundi wa Mtwara. Wengine wakacheka. Mmoja akasema ndiyo hasara ya kuoa wakati wa kazi, mtu anafunga giaboksi akiota godoro.

Alfonsi hakucheka. Alinitazama mimi, kisha akatazama chini. Anajua nilichomjibu pale uani, na amenyamaza kwa ajili ya rafiki yake.

Kwa hiyo sasa wanaume wawili wamebeba uongo wangu, nami nimekaa hapa nimejitanda kanga mpya.

Saidi anasema huenda nusu ya sahani za zamani zikafaa, akilifungua gari lote, akaosha kila tundu na kumimina mafuta mapya. Huenda. Amekula kidogo. Aliponyoosha mkono kupokea maji alinishukuru kwa upole, kama mgeni anavyomshukuru mwenye nyumba. Ningependa anigombeze.

Kesho ni Jumapili lakini karakana itafunguliwa kwa ajili ya gari lile, na Bwana Karim atakuwepo. Nitatoka na beseni langu la maua kichwani, nipite katikati ya soko, kila atakayeuliza nimjibu ninakolipeleka. Nitaliweka chini mbele yao wote, mchanga bado umo, sijausuuza. Nitamwambia Alfonsi kwanza, maana ndiye niliyemdanganya kwanza.

Saidi ameacha kusugua. Ananyanyua chujio juani kutazama kama mwanga unapita.

Sitamwambia leo kwamba nitakuja. Atanikataza kwa kunipenda, na leo sistahili kukubali kulindwa tena.