Pochi ya Babu na Fundo la Kikoi

Likoni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute una nguvu, na macho yako yamepumzika kidogo na kulia. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Juzi uliponipigia simu nilishindwa kusema, ndiyo maana naandika. Barua nampa Kaka Athumani, anarudi huko Faza kesho.

Mama, nilikuwa nimemtengenezeshea Babu pochi. Jirani yetu hapa, Bwana Mbwana, hushona pochi za ngozi nene zilizochapwa sura za fedha za zamani, akawauzia wageni Shanzu. Malipo yangu yalikuwa kumwandikia vikaratasi vya kueleza kila fedha ni ya zama gani. Nilichagua yenye senti kumi ya kikoloni, ile ya tundu katikati. Unakumbuka Babu alivyoniaga: alitia senti kama hiyo, aliyoachiwa na mamake, kwenye pindo la kikoi chake cha buluu, akapiga fundo.

"Utalifungua wewe ukirudi na cheti chako," akasema. "Mwengine akiligusa, namkata mkono!"

Nilitaka senti hiyo ilale ndani ya pochi.

Siku niliyoiendea, Bwana Mbwana aliivuta huku na huku. "Binti, hii haichaniki. Babuyo atachoka yeye, hii haichoki."

"Babu yangu hachoki," nikamjibu, nami unajua si msemaji. Akacheka sana.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Shangazi amekaa sakafuni, simu mkononi. Alasiri ile ile mkamzika Babu, na mimi hata kivuko cha Likoni sijakivuka.

Pochi nimeitia ndani ya begi la shule. Inanuka upya. Kila nikiishika naiona ngumu mno, nikatamani ingekuwa karatasi.

Nisalimie Bibi katika eda yake, na mdogo wangu Fumo, aliyekuwa akimshika Babu mkono kwenda msikitini. Shangazi anawasalimu nyote.

Najua nguo za Babu zitatolewa sadaka. Nakuomba, kikoi cha buluu uniwekee mpaka shule zifungwe. Lakini kama mtu amekwisha kupewa, Mama, usimdai. Mwambie tu fundo lile alifungue polepole. Vidole vya Babu vilikuwa vikitetemeka, na alilikaza mara mbili.

Ni mimi binti yako,
Zuhura