Jiwe Nililomnyang'anya Mwanao

Nachingwea

Dada yangu Mama Somoe,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima, na kupitia kwako nawaamkia mama yetu na shemeji. Goti lako likoje? Mara ya mwisho ulisema linakuuma ukiinama kupalilia, nami nikamwambia wifi yako kwamba hata likuume vipi, kuinama hutaacha. Na macho ya mama je, yamepata nafuu kwa ile dawa ya hospitali, au bado anawatambua watu kwa sauti? Nguruwe wamewabakizia mihogo mwaka huu? Sisi huku miili yetu ni mizima. Somoe anakula vizuri na amerefuka. Gauni alilokuja nalo kutoka Ruangwa sasa linaishia magotini.

Barua hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni, si kwa hizi za Kizungu, ili uisome mwenyewe. Tafadhali usimpe mtu akusomee. Isome peke yako, na ukiona inafaa mama ajue, umwambie kwa maneno yako. Yaliyomo ni ya aibu, na aibu yenyewe ni yangu, si ya mwanao.

Unakumbuka nilikuomba uwatume watoto wakaokote mawe mazuri kule mtoni, yale mekundu na yale meupe yanayopitisha mwanga, uyatie mfukoni umpe dereva wa lori la ufuta. Dereva alipoyaleta alinifikishia na maneno yako: umetuma mawe, lakini unauliza kama Nachingwea tumeishiwa chakula. Nilicheka sana. Sasa nikueleze yalikuwa ya nini.

Memsabu ninayempikia ana binti mmoja, Meri, aliyekuwa anatimiza miaka minane, rika moja na Somoe. Wazungu kila mwaka, siku aliyozaliwa mtoto, humfanyia sikukuu, hata kama mwaka huo hakufanya lolote ila kukua. Na huyu Meri anapenda mawe. Akitoka nje harudi bila jiwe. Dobi hulalamika kila wiki kwamba mifuko ya nguo zake imejaa kokoto. Basi Memsabu akaamua sikukuu ya safari hii iwe ya mawe. Aliniita barazani tukaipanga pamoja. Mimi nioke keki iliyoinuka kama mlima, na vile vikeki vikavu vya zabibu ambavyo hata siku za kawaida hufanana na mawe. Nyuma ya nyumba kuna lundo la mchanga lililoachwa na wajenzi. Mawe yafukiwe mle, watoto wachimbue kwa vijiko, wachekeche kwa chekecheke langu la unga, wayaoshe kwenye karai, halafu wayapange juu ya kitambaa cheupe. Bwana mmoja rafiki yao, ambaye kazi yake ni kupima ardhi, angewatajia jina la kila jiwe.

"Na kila mtoto," Memsabu akasema kwa Kiswahili chake, "ile yeye napata, iko yake. Hapana nyang'anya."

"Ndiyo, Memsabu."

"Na ile mtoto yako, Somoe, pia nakuja. Mawe natoka kwao."

Dada, nilifurahi kupita kiasi. Katika nyumba hizi sijapata kusikia mtoto wa mpishi akialikwa mezani. Wifi yako alichukua kitambaa cha maua kilichobaki kwenye mapazia ya Memsabu, akakishona gauni kwa mkono. Mimi nikamfundisha Somoe: usikimbie, usile kwa pupa, ukipewa kitu pokea kwa mikono miwili.

Akaniuliza, "Na nikichimbua jiwe?"

"Atakachochimbua mtu ni chake. Memsabu mwenyewe kasema."

"Chake kabisa?"

"Kabisa," nikamjibu.

Ngoja nikuambie pia hali ya hapa ilivyo. Kazi ya Wazungu ya mashamba ya karanga inafifia. Matrekta yamepangwa mistari kule uwanjani na nyasi zinaota katikati ya magurudumu. Kila mara utasikia familia ya Kizungu imefunga mizigo, na mpishi wao anarudi kulima, huyu Naipingo, yule Mkotokuyana, wengine wakiwa hata cheti cha kusifu kazi yao hawana. Bwana wa nyumba yetu naye ameanza kuzungumzia kwao. Kwa hiyo nilikuwa mtu mwenye hofu. Nakueleza haya uijue hali niliyokuwa nayo. Sikuombi unisamehe kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nimejaribu kujitetea nayo, sikupata nafuu.

Siku ya sikukuu watoto wa Kizungu walikuja na mama zao, wakajaa uani. Somoe alisimama karibu na mlango wa jiko mpaka Memsabu alipomshika mkono akampeleka kwenye mchanga. Wenzake walirusha mchanga ovyo, wakachekana. Yeye alipiga magoti akachimba polepole upande mmoja, chini kabisa, kama mnavyochimba kutafuta maji mtoni wakati wa kiangazi. Mara akatulia. Akaosha kitu kwenye karai, akakiinua juani. Lilikuwa jiwe jekundu, kubwa kuliko yote uliyotuma, na mwanga ulipopita ndani yake likawa kama punje ya komamanga.

Aligeuka akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Akaniambia kwa sauti, "Mjomba, la kwetu hili!" Nami nilitabasamu, dada. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mjomba wake kweli.

Kumbe Meri alikuwa ameliona jiwe lile tangu siku mfuko ulipofika, na moyo wake wote ulikuwa juu yake. Alipoliona mkononi mwa Somoe akaangua kilio. Si kilio cha ubaya, ni mtoto tu, siku ni yake na kitu alichokitaka kimekwenda kwa mwingine. Lakini wale mama wote wakageuka kumtazama mwanao.

Memsabu akasema, "Hapana, Meri. Hiyo ya Somoe." Nilimsikia vizuri. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili na Somoe aelewe.

Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyenituma. Niliweka sinia chini, nikaenda.

"Lete hilo jiwe," nikamwambia Somoe.

"Ni langu, mjomba. Ulisema."

"Lete, nimesema."

Alifumba kiganja. Nikakishika, nikamfumbua vidole kimoja kimoja, vikiwa bado na maji. Hakupiga kelele. Alinitazama usoni muda wote nilipokuwa namfumbua. Nikalitoa jiwe, nikampa Meri kwa mikono miwili huku nimeinama, na uso wangu ukicheka. Kisha nikamgeukia Memsabu, nikasema maneno ambayo mkono wangu unasita kuyaandika: "Samahani, Memsabu. Huyu ni mtoto wa shamba, hakufundishwa adabu kwao."

Kwao. Kwako, dada. Kwa mama.

 Memsabu alitazama pembeni, kama anavyofanya mtu aliyemkuta mwenzake nguo zimemvuka. Lakini yule bwana wa kupima ardhi akanipiga begani akasema, "Mzuri sana, mpishi." Mpaka leo nikivua shati naona kama mahali pale alipopiga pana alama.

Somoe hakulia. Alikwenda kunawa mchanga mikononi, akaja jikoni, akaanza kufuta vyombo. Aliletewa keki hakula. Nilijisemea moyoni kwamba nimemwepusha na matata, kwamba mtoto lazima ajue dunia ilivyo. Nilijisemea hivyo mpaka tulipofika chumbani kwetu. Nilikuwa nje navua viatu, nikamsikia anamwuliza wifi yako:

"Mkaza mjomba, mjomba anamwogopa Meri?"

 Nilisubiri wifi yako aseme hapana. Hakusema. Akamwambia tu, "Vua gauni lisichafuke." Baadaye nami sikuulizwa lolote na mke wangu, akanipakulia chakula akaenda zake. Afadhali angenigombeza.

Asubuhi Memsabu alinikuta nawasha jiko. Alikuwa na jiwe mkononi.

"Mimi nasema iko ya Somoe. Kwa nini wewe nachukua?"

Nilisimama na kuni zangu.  Akaliweka jiwe mezani, karibu na unga, akatoka.

Nikalipeleka nyumbani. Somoe alikuwa kizingitini anachambua mchele. Nikakunjua kiganja. "Chukua jiwe lako."

Alilitazama. "La Meri hilo."

"Memsabu amelirudisha. Ni lako kabisa."

"Na Meri akilia tena?"

Dada, nimeulizwa maswali na mabwana wa kila aina, sijapata kuulizwa swali kama lile. Nikamwambia, "Akilia, nitamwacha alie." Akaniangalia kama anavyoangaliwa mchuuzi ambaye kipimo chake kimeshajulikana kuwa ni pungufu. Akarudi kwenye mchele wake. Jiwe nikaliweka dirishani, na hapo lipo, hakuna anayeligusa.

Sikuweza kukaa hivyo. Siku ya pili yake nilimwomba Somoe twende wote kwa Memsabu. Njiani nilitaka kumshika mkono, akauficha ndani ya kanga. Memsabu alikuwa barazani na Meri. Nikasema, "Memsabu, juzi nilisema mtoto huyu hakufundishwa adabu kwao. Nilisema uongo. Kwao amefundishwa. Aliyekosa adabu ni mimi." Nilikuwa nimepanga kusema zaidi, nikaishia hapo. Meri alikuwa anachora sakafuni kwa kidole cha mguu. Memsabu akasema taratibu, "Basi, mpishi. Mimi nasikia." Akamtazama Somoe akamwambia, "Pole." Mimi, mjomba wake, neno hilo nilikuwa bado sijamwambia. Nilimwambia tulipokuwa tunarudi, mgongoni pake, maana alitangulia. Akaitika, "Haya." Sijui haya ile ilikuwa ya aina gani. Mtoto amelelewa vizuri, huitika hata anapoumia.

Wewe unajua kwetu mtoto akionewa ni nani anayeitwa kumtetea. Anaitwa mjomba. Uliponipa nije naye hapa ili asome, ulimkabidhi kwangu mbele ya mama, ukasema, "Huyu ni wako kabla hajawa wangu." Safari hii ameonewa, na wa kuitwa ndiye aliyemwonea.

Kwa hiyo nakuachia uamuzi. Jina lake nimeshaliandikisha shuleni na mwalimu amekubali kumpokea. Ukisema abaki, basi mwambie hivyo wewe mwenyewe, kwa mdomo wako au kwa mtu unayemwamini, asidhani nimemzuia mimi. Ukisema arudi, sitampakia kwenye lori kama mzigo. Nitaomba ruhusa nimlete mwenyewe hadi mlangoni kwako, na uniulize yote haya mbele ya mama na shemeji, nami nijibu. Bwana akikataa kunipa ruhusa, nitakuja bila ruhusa. Hilo nimeshamwambia wifi yako, naye ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mnisalimie mama, mwambie nilimsikia akikohoa katika ndoto. Msalimie shemeji na umwambie shoka aliloniagiza nitalituma. Msalimie mjomba wetu mkubwa. Yeye usimwambie bado, nitamwambia mwenyewe, maana kiti cha umjomba anachokalia ndicho nilichotakiwa nikikalie. Wasalimie na watoto waliookota mawe, waambie yalipendwa sana, na hilo si uongo. Wifi yako anakusalimu, ana mimba ya miezi michache na hutapika asubuhi; tuombee.

Somoe naye anakusalimu. Leo nilipokaa kuandika nilimwambia, "Namwandikia mama yako. Nimwambie nini kwa ajili yako?" Alikuwa anabangua karanga. Akamaliza zilizokuwa mkononi, akapuliza maganda, ndipo akasema:

"Andika yote."

Ndimi ndugu yako mdogo,
Athumani