Probox Yetu Iliyofufuka Yatafuta Bima

Jumatatu, 3 Machi 2025

Imewaka! Nilikuwa dukani natundika mapazia, nikasikia honi kutoka gereji ya Mbaluka — ndefu, ya harusi. Nikajua. Soko lote la Emali likajua. Kufika huko, mume wangu Ngure yuko kwa usukani, kofia imekaa upande, anacheka peke yake. Mbaluka, fundi wa bodi, ameegemea ukuta kama mtu aliyezalisha mapacha.

Probox yetu! Mwaka jana lori ilikosa breki njia ya Kasikeu, ikatugonga ubavuni, upande wangu. Mimi nilivunjika mfupa wa bega. Gari nayo, kampuni ya bima ilisema ni write-off, imekufa, haifai tena barabarani. Wakatulipa, wakamaliza. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akasahau. Ngure alinunua tena yale mabaki. Tangu hapo kila jioni ni gereji. Mimi napika, nafunika, napasha, nafunika tena.

Leo ameniambia: Mama Gakenia, ingia tuzunguke humu ndani ya gereji. Nikasema nimeacha duka wazi. Ni kweli, lilikuwa wazi. Lakini sijakaa kwa hiyo gari tangu siku ile, na yeye anajua.

Jumatano, 5 Machi

Bila bima haitagusa lami. Ndivyo Ngure alivyo — huyu hungoja hata punda avuke, tena amsalimie.

Shemeji Kinuthia amekuja jioni na ushauri wake. Kwani lazima useme iliwahi kufa? Imenyooshwa, rangi inameta. Nenda kampuni nyingine, funga mdomo.

Ngure akakoroga chai. Akakoroga tena, na sukari ilishayeyuka zamani. Halafu akasema: Na ikigongwa tena, Mama Gakenia akiwa ndani, wajue nilidanganya, wakatae kulipa — nitamwangalia na macho gani?

Kinuthia akasema haya basi, padri. Akaenda zake na mandazi mawili.

Nimempenda sana mume wangu leo. Sikumwambia. Nimempa paja la kuku, na firigisi pia.

Ijumaa, 7 Machi

Makindu. Tumeenda kwa Ilham, ajenti wa bima. Msichana mdogo, buibui nyeusi, uso wa kucheka. Nilikuwa nimebeba ndizi tule pamoja — nikakumbuka ni Ramadhani! Nikazisukuma chini ya kiti. Akaniona. Kula tu mama, akasema, mimi nimezoea. Nani angeweza?

Ngure akamwaga yote hata kabla hajaulizwa. Ajali, ile write-off, picha zote kwa simu, mpaka ile yenye kiatu changu kwa lami. Ilham akapigia kampuni ya kwanza. Hapana. Ya pili — hawakusikiza hata mpaka mwisho. Wakisikia tu imewahi kufa, basi.

Nikatoka nje kupokea simu ya binti yetu Gakenia, yuko chuo Kitui, anauliza kama baba yake amelia. Nikamwambia bado. Nikirudi nikasikia Ilham akisema kwa upole: Mzee, si uuze vipuri, utafute nyingine?

Ngure hakuwa ameniona. Akasema: Ile lori ilikunja hiyo gari kila mahali. Mlango ulibonyea, lakini pale mke wangu alikuwa amekaa tu ndipo gari ilikataa kukunjika. Sasa niiuze kama chuma?

Ngai, Mungu wangu! Miezi yote hii nimeonea wivu gari.

Nikasimama nje kidogo mpaka macho yakauke. Nikaingia nikizungumzia joto.

Jumatatu, 10 Machi

Ilham amepiga simu. Kampuni ya tatu imekubali — kukubali nusu. Mkaguzi wao lazima aione kwanza, huko Makindu. Sasa itafikaje? Haiwezi kuendeshwa bila bima. Haiwezi kupata bima bila kufika. Ilham alicheka mpaka mimi nikacheka. Ngure hakucheka. Akachukua kofia, akaenda kutafuta lori.

Jumatano, 12 Machi. Asubuhi

Aibu tamu! Gari inang'aa kama sahani mpya, imefungwa kamba juu ya lori, na Emali nzima inatupa pole. Mama Mutindi wa nyanya akashika kifua: Tena?! Ngure anajibu kila mtu: Imepona, imepona, inaenda kupimwa tu. Alitaka apande akae ndani yake huko juu, aishikilie. Dereva alikataa kabisa.

Siku hiyo hiyo, Makindu

Naandika nikiwa ndani ya gari.

Nieleze. Mkaguzi ni Kaloki, mzee mpole, haongei ovyo. Alilala chini na tochi muda mrefu. Chasisi imenyooka. Breki nzuri. Nikaona mabega ya Ngure yakishuka. Halafu Kaloki akafika mlango wa kushoto, wangu. Ngure hakuubadilisha, yeye na Mbaluka waligonga pole pole mpaka ukarudi. Kaloki akaufungua, akaufunga, akaufungua. Hakuupenda. Akasema gari tupu hudanganya. Anataka mtu mzima akae hapo, izunguke huu uwanja wenye mashimo, halafu mlango ufunguliwe kutoka ndani. Ukikwama, hatatia sahihi.

Ngure akaruka, akamwambia Kaloki: Nitakaa mimi! Wewe uendeshe.

Kaloki akasema sawa, hana neno.

Sijui ni nini kilinishika. Nikasema: Hapana. Hicho ni kiti changu.

Ngure akanitazama. Akavua kofia, akapangusa kiti nayo, kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

Kwa hivyo niko hapa. Kaloki ameenda kujibu simu, ndiyo maana napata kuandika. Harufu ya rangi. Bega limeanza kuuma, au ni akili yangu. Ngure amesema kwa sauti ndogo: Mama Gakenia, unaweza kushuka, hakuna mtu atasema kitu. Nimemwambia anyamaze ashike usukani. Ameshika. Kwa mikono yote miwili, na gari hata haijawaka! Nimecheka kwa sauti. Yeye pia. Ilham anachungulia dirishani, nadhani anaona wazee wawili wamepata wazimu.

Kaloki anarudi. Anatuashiria na mkono.

Ngure ananyoosha mkono anifungie mlango. Nimemkatalia. Nimeuvuta mwenyewe, kwa nguvu — umefunga, sauti nzito, safi. Kama utafunguka tukimaliza kuzunguka, tuone —