Vigingi vya Shamba la Chini

Jumatatu, 4 Machi

Wageni wanakuja Alhamisi. Mratibu wa masomo ya uzamili ameingia kabla sijafungua hata dirisha. Anasema vigingi vya shamba la chini vinatia aibu, rangi imebabuka, vimeinama kama walevi. Ving'olewe, visuguliwe, vipakwe rangi, virudi. "Usimamie mwenyewe, karani. Wewe una jicho."

Mtu kaniambia nina jicho! Tangu niajiriwe nimeambiwa "fanya haraka" na "hukusikia?" tu.

Shamba la chini ni la Mama Pacha. Anasomea uzamili wa kilimo na usimamizi wa maliasili. Amepanda mahindi kwenye udongo uliochoka, anataka kujua samadi kiasi gani itauamsha. Jina hilo alipewa na vibarua walipoona ukubwa wa tumbo lake, na sasa hata Profesa anayemsimamia analitumia. Wiki iliyopita amejifungua kwa upasuaji. Ni pacha kweli! Vibarua wanatembea vifua mbele kama vile wamezaa wao.

Jumatano, 6 Machi

Kazi imeisha. Rangi nyeupe, herufi nyeusi, nimeziandika mwenyewe kwa mkono uliotulia.

Ila mtu aliyevichomeka mwanzo sijui alikuwa anawaza nini. D3 kakaa jirani na A1, pembeni yao C5, halafu A tena. Ovyo kabisa. Nimewauliza vibarua kila kimoja kirudi wapi. Mmoja akasema, "Popote bosi, kigingi ni kigingi." Siwezi kufanya kazi hivyo. Nimevipanga kama ninavyopanga mafaili kwenye rafu: A zote mstari wa juu kuanzia getini, zikiisha zinafuata B, kisha C, na D zote chini karibu na kijito. Sasa mtu akitafuta kitalu anakipata.

Mahindi mengine ni kijani iliyoiva, mengine yamepauka. Labda ni maji.

Alhamisi, 7 Machi

Wageni wamepiga picha. Mmoja, mama mwenye kofia pana, kasema hajawahi kuona shamba la majaribio nadhifu namna hii. Mratibu akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote.

Nimemsimulia Dada. Kazi hii niliipata kupitia kwake: anamsuka mke wa Mratibu, na siku moja katikati ya nywele akamwombea mdogo wake. Leo kanisikiliza huku anatabasamu, macho kwenye sufuria. Shemeji naye: "Basi mwenye jicho aangalie na taa ya chooni, imeungua."

Nimelala vizuri.

Ijumaa, 21 Juni

Mavuno. Mama Pacha bado haruhusiwi kuteremka kule, kidonda chake kilifunguka tena. Kanipigia simu: karani wangu, nakuamini, kila gunia liandikwe herufi na namba ya kigingi chake. Nimeandika. Nimepima. Sijaruka hata kimoja.

Jumanne, 3 Septemba

Mama Pacha amerudi ofisini. Amekonda, anacheka kama zamani. Watoto wamebaki na bibi yao.

Matokeo yake ni ya ajabu. A, B, C, D, zote mavuno karibu sawa. Yeye kapigwa na butwaa, lakini Profesa anafurahi mpaka anatembea huku na huku. Kumbe samadi haifanyi chochote kwenye udongo huu! Anasema ni ugunduzi. Anataka kipeperushi cha wakulima wa bondeni, waache kujitesa kubeba samadi migongoni.

Mama Pacha akasema, lakini Profesa, mimi niliona kwa macho yangu. Kabla sijajifungua, D zilikuwa zimenipita kiuno, A zilikuwa magotini.

"Ulikuwa unaangalia kwa macho ya watu watatu," Profesa akamjibu. Wote tukacheka. Na mimi nilicheka.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepewa sura ya tatu ya tasnifu yake niangalie pambizo na namba za kurasa. Huwa sisomi. Leo sijui kwa nini nimesoma.

Ameandika kwamba vitalu vilitawanywa kwa kura, kwa makusudi, ili mteremko na unyevu wa kijito visipendelee kipimo kimoja. A haina samadi. B ndoo moja kila tuta. C ndoo mbili. D ndoo nne.

Kwa makusudi.

Nilidhani herufi zile ni anwani. Kumbe ni majina. Kigingi kilikuwa kinasema udongo huu umekula nini, na mimi nikakihamishia kwenye udongo wa mwenzake.

Nimerekebisha pambizo. Nimeweka namba za kurasa. Nimepeleka.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda kazini. Nimerudi. Dada kauliza kama naumwa, nikasema hapana. Na kweli siumwi. Ni kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi, ila ni mimi mzima.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimemwambia Mratibu.

Nilisubiri mpaka mhudumu atoke na vikombe. Nikasema polepole, kwa mpangilio, kama nilivyofanya mazoezi njiani. Vigingi. Machi. Nilivihamisha. Magunia yote yana majina yasiyo yake.

Akasema: "Mimi nilisema visafishwe. Nilisema vihamishwe?"

Hapana, bosi.

"Nani mwingine anajua?"

Hakuna.

Akaenda kufunga dirisha, joto lote hili. Akasema Profesa ameshaandika barua za kipeperushi, wale wageni wameshaweka picha zao kila mahali, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mbele yao. Halafu akauliza kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani, "Uthibitisho wako wa kazi ni mwezi ujao, sivyo?"

Ndiyo, bosi.

"Basi wewe hujaniambia kitu, na mimi sijasikia kitu. Msalimie dada yako. Mwambie mama watoto anamsubiri Jumamosi, nywele zimeachia."

Nikasema ahsante. Nimeshindwa kuelewa kwa nini nilisema ahsante.

Jumapili, 22 Septemba

Dada karudi jana na furaha. Mke wa Mratibu kamwambia wananipenda sana pale ofisini, karani msiri. Neno hilo hasa. Dada kalirudia mara nyingi: msiri! Kasema marehemu mama angefurahi.

Nimebadilisha taa ya chooni. Nimefua mashati. Nilitegemea nitalia kidogo nikifua, hakuna kilichokuja.

Jumatatu, 30 Septemba

Mama Pacha alikaa mezani kwangu mchana, mezani hasa, miguu inaning'inia. Kaniuliza kama nimewahi kukumbuka kitu kwa uhakika kabisa halafu nikaambiwa hakikutokea.

Nikasema sijui.

Anasema kila akifumba macho anaziona D zile, majani mapana, kijani karibu na weusi. Halafu anatazama hesabu. Hesabu hazidanganyi, si ndiyo? Basi aliyedanganyika ni yeye. Pengine Profesa yuko sahihi, pengine mimba ilimchezea. Anaogopa na mengine anayoyakumbuka huenda hayakuwepo. Juzi karudi mara mbili kuhakikisha kama amezima jiko, na lilikuwa limezimwa.

"Nitaandika tu anavyotaka," kasema. "Nimalize, nikalee."

Akachukua kalamu yangu, akaenda nayo. Nilimwangalia mpaka akakata kona. Ningeweza kumwita. Korido ni fupi.

Jumanne, 8 Oktoba

Utetezi wa tasnifu ni kesho, na mtahini kutoka nje amefika leo jioni. Ni mama wa makamo, sauti ndogo, raba za kutembelea. Kabla hata hajaonyeshwa chumba cha wageni akauliza shamba liko wapi. Profesa akasema ni mbali, kuna mteremko, na kwa sasa ni mabua tu. Akajibu kwamba yeye mabua anayapenda. Kesho asubuhi tutaanzia huko, ukumbini baadaye.

Profesa kaangalia viatu vyake. Sidhani kama vimewahi kukanyaga shamba la chini.

Mratibu kanifuata hadi kwenye ngazi. Kaongea bila kunitazama, kama anayesoma tangazo ukutani. Niwahi kule kabla yao. Ning'oe vigingi vyote, nivitupe kijitoni. Wakiuliza, vimeliwa na mchwa. "Mchwa. Neno moja tu. Hilo utaliweza?"

Nikasema nitaliweza.

Jumatano, 9 Oktoba

Naandika shambani, kwa mkono mmoja. Nieleze kwa utaratibu.

Nilifika mapema. Nikaanza na mstari wa A, kuanzia getini. Udongo umekauka, vinatoka na vumbi tu. Sikuwaza chochote. Nilimaliza A, nikaingia B, nilipogeuka kuchukua ndoo nikamwona Mama Pacha getini. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine yuko kwa bibi. Daktari sasa amemruhusu kuteremka huku, akataka kuliona shamba lake peke yake kabla ya wageni.

"Karani wangu! Mbona unanibomolea nyumba?" Anacheka.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Moja tu.

Yeye akawa ameshatazama mbele. B, B, B. Chini yake C zote. Chini kabisa D zote, zimejipanga kando ya kijito kama watoto wa shule. Akaacha kucheka, si ghafla, taratibu, kama redio inayoishiwa betri.

"Nani kavipanga hivi?"

"Mimi."

"Lini?"

"Machi. Wageni walikuwa wanakuja."

"Kabla ya mavuno?"

"Kabla."

Akakaa chini kwenye tuta, na mtoto mgongoni hivyo hivyo. Nilitaka kusema samahani. Nilisimama na kigingi mkononi kama mtu anayesubiri kuelekezwa. Nilidhani atapiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Akauliza tu, "Ulianzia wapi?"

Getini. A1 pale kwenye kona, A2 inafuata kulia, mpaka mwisho, halafu unarudi mwanzo wa mstari wa pili. Kama rafu.

"Una uhakika? Hukuruka? Hukuchanganya hata kidogo?"

"Mimi siruki."

"Kama rafu," akasema. Akafumba macho, midomo inatembea. Kisha akafungua mbeleko, akanipa mtoto. "Shika kichwa chake." Akatoa simu, ramani yake ya kura imo humo, akaenda kwenye kona ya getini akasimama. Akatazama simu. Akatazama ardhi.

"Gunia la A1 ni D!" akapaza sauti. "Unanisikia? Ni D!"

Akasogea. "A2 ni D nyingine! A3 ni B!" Anakwenda kitalu hadi kitalu, anaandika, anafuta macho kwa mkono wa gauni, anaandika. Mimi nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na mtoto wa watu. Uzito wa kila gunia upo. Jina tu ndilo halikuwa lake. Nilidhani nimeua kitu, kumbe nilikificha, na mwenye kujua kilikofichwa ni mimi peke yangu. Muda wote huu.

Akarudi, anahema. "Zilinipita kiuno," akasema. "Si nilisema? Zilinipita kiuno!"

Ulisema.

Kisha akachuchumaa mbele yangu, karibu kabisa. Sikuwahi kuona uso wake bila mzaha. "Wakifika utasema wewe. Si mimi. Nikisema mimi, Profesa atasema mimba bado inaona mambo. Wewe ndiye uliyevipanga, na wewe ndiye uliyeyaandika magunia. Utasema?"

Nikamwambia alichoniagiza Mratibu. Mchwa. Nikamwambia na uthibitisho wangu, na Dada, na nywele za mke wake. Yote kwa pamoja, bila mpangilio. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Nimekuuliza, utasema?"

Nikamwambia anipe dakika. Akaondoka, akachukua kigingi cha A1, akaenda kukichomeka panapostahili A1, mbali kule katikati. Ndiyo nikatoa daftari.

Gari la ofisi limeteremka. Limesimama getini. Mratibu kashuka wa kwanza. Ameangalia mahali mstari wa A ulipokuwa, patupu, na amenitikisia kichwa: vizuri. Nyuma yake Profesa anakunja suruali. Mtahini ameshavuka geti, anainama, anachota udongo kwa kiganja. Anaongea na Mratibu. Anaonyesha kwa kidole mashimo niliyoyaacha.

Mratibu anageuka upande wangu. Ananiita, kwa sauti ya kila mtu asikie.

Mama Pacha kasimama katikati ya mabua na kigingi chake. Hawatazami wao. Anatazama huku.

Nafunga daftari. Inabidi nisimame polepole, mtoto amelala.