Pete Iliyokatwa kwa Mashine ya Sonara

Landhi za Reli, Nakuru
Agosti 1957

Mpendwa Baba Mdogo,

Pokea salamu zangu na za Mama. Kikohozi chako kinaendeleaje? Nasikia umerudia kupanda baiskeli kwenda sokoni, na kwa umri wako nimeshangaa, ila najua hushauriki. Sisi huku ni wazima, isipokuwa kidole cha Mama, ambacho ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Kwanza nikupe habari za kazi, maana kila mara unauliza kama bado nasugua bangili za Wahindi. Sonara wangu, Mzee Devji, ameleta mashine mpya. Mota ndogo inaning'inia kwenye ndoano juu ya meza, na kutoka kwake unashuka mpira mrefu wenye waya ndani. Unakanyaga pedali kama ya cherehani, waya unazunguka, na ncha yake unaishika kama kalamu, imefungwa kisu kidogo cha duara au jiwe la kusugulia. Kazi ya tupa ya asubuhi nzima inaisha chai ikiwa bado moto. Mzee Devji haruhusu mtu mwingine kuigusa ila mimi, na sitakuficha, najivuna.

Sasa kidole. Unakumbuka ulivyosema mbele ya wazee tulipomaliza matanga ya Baba: kwamba wewe ndiye wa kumrithi Mama, lakini pete aliyovishwa kanisani unaiheshimu, na hutamwuliza neno mpaka itoke kidoleni. Wazee walikusifu. Mimi pia nilikushukuru, kwa kuwa ni wewe uliyetuezekea nyumba. Tangu siku hiyo Mama hakuivua pete hata akifua nguo. Kidole kilipovimba alikifunga kitambaa, akasema amejichoma na sufuria. Nilipokifungua kwa nguvu kilikuwa kimegeuka rangi ya zambarau, na pete imezama ndani ya nyama. Dresa wa hospitali, yule mfunga vidonda, alisema ikatwe pete, ama kitakatwa kidole. Mama akajibu wakate kidole. Dresa akacheka, akamwuliza pete itakaa wapi kidole kikishaenda. Mama akakifunga tena kitambaa, tukarudi nyumbani.

Kesho yake alikuja dukani mwenyewe. Nilipenyeza kipande chembamba cha bati kati ya pete na ngozi, Mzee Devji akidondosha maji ili pete isipate moto, nami nikakanyaga pedali polepole. Mama hakufumba macho. Pete ilipokatika niliipanua kwa koleo, ikatoka.

Ndivyo ilivyo, Baba Mdogo. Pete imetoka, na aliyeitoa ni mimi. Nilitaka kuiongeza kipande, niiunge na kuisugua mpaka wewe usijue kitu, na Mzee Devji alikuwa ameshawasha moto. Mama alikataa. Alisema amechoka kujificha nyuma ya pete, na kwamba aliona haya mbele ya dresa, kuwa tayari kutoa kidole kuliko kutoa neno moja. Akaniambia nikuandikie bila kuzunguka: pete haipo mkononi, na jibu lake ni hapana. Si kwamba anakudharau. Anasema mume wake alikuwa mmoja, na hataki mwingine.

Najua hili litakuuma. Naogopa kukupoteza, maana baba niliyebaki naye ni wewe. Lakini niko upande wa Mama, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa watu wa sokoni. Kidole kinapona vizuri. Jana alisonga ugali kwa mkono huo huo.

Anakusalimu sana, wewe na Mama Mdogo na watoto wote. Anasema ukifika Nakuru asisikie umefikia kwa mtu mwingine. Uje kwetu kama shemeji, ule, ulale, kisha urudi kwako.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Joash