Constance Hatapanda Kamio la Jumamosi

Bihambwe, Masisi
Tarehe 11 Machi 1969

Mpendwa dada Victorine,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Mimi na mke wangu Elisabeth tu wazima. Mama naye mzima isipokuwa magoti, na ulimi wake hauna maradhi yoyote. Wewe je, na shemeji Gustave? Mvua za Walikale zinawaacha mkauke hata siku moja? Natumaini barua hii itawakuta salama.

Sasa nikujibu, maana barua yako iliyofika Jumapili imenikasirisha na sitaki kukuficha. Umeniamuru nimtoe binti yako Constance, aliyeugua akiwa hapa kwetu, kwa jirani yetu Mama Thacienne na kumpandisha kamio la Jumamosi, lori lile la magunia, aje kwako, kwa sababu surua imekwisha. Nimekataa. Hatapanda hilo, wala litakalofuata.

Kila mtu hapa ananiimbia wimbo huohuo. Jana Mama alikuja mpaka dispensari, akanisimamia mbele ya wagonjwa wangu: "Upele iliisha kukauka, mutoto anacheka, unamufunga sababu gani? Ao masomo njo inakukataza kuona?" Miaka sita navaa koti jeupe la uganga, na mbele ya mama yangu mimi bado ni yule aliyekuwa akipoteza mbuzi.

Basi nisikilize wewe uliyesoma. Surua huingia kwa pumzi, ikakaa mwilini siku kumi hivi bila kelele, ikizaana. Halafu mwili unashtuka, unaitambua, unaanza kuiwinda kila ilipojificha. Ule upele ambao nyinyi mnafurahi kuuona mkidhani ni surua inatoka nje, ni mwili wenyewe unapigana nayo ndani ya ngozi. Mwezi uliopita niliuguza mtoto aliyevimba miguu kwa kukosa chakula. Surua ilimuua bila upele hata mmoja, na baba yake akanibishia kwamba haikuwa surua. Mwili haukuwa na nguvu ya kupigana, ndiyo maana ngozi ilibaki safi. Nilieleza mpaka sauti ikanikauka, hakunisikia.

Constance alipigana vizuri. Homa kali, macho mekundu, upele toka nyuma ya masikio hadi miguuni, kisha ukafifia. Surua imeshindwa, nakubali. Lakini mwili uliotoka kwenye vita hiyo umechoka, haushtuki hata kwa maadui unaowajua. Daktari wa hospitali alituonyesha kwa macho: kuna watoto ambao mkono ulikuwa ukivimba wakidungwa ile dawa ya kupimia kifua kikuu, na baada ya surua mkono haukuvimba tena kwa majuma kadhaa. Sasa wewe unataka nimpeleke Constance siku mbili juu ya magunia, katikati ya watu wanaokohoa, akinywa maji ya njiani!

Unauliza pia kwa nini nilimpeleka kwa Mama Thacienne "baada ya yale aliyoyafanya." Kwa Mama kuna mapacha wa mdogo wetu Rosalie, wanaoshinda kwangu pia, na hakuna kati yao aliyewahi kuugua surua. Mama Thacienne ni mjane, hana mtoto mdogo nyumbani. Tena mwili ukiishinda surua mara moja huikumbuka mpaka kaburini, haikupati mara ya pili. Majirani wengine walikuwa wakipita mbali na mlango wetu. Yeye alikuja mwenyewe akasema, "Mi niliisha kugonjwa surua nikingali mutoto. Itanifanya nini tena? Leta mutoto." Anamlisha maharage ya kuponda na mayai, huku Mama akipiga kelele kwamba mwenye surua hali mayai.

Na hayo aliyoyafanya, dada, ni yapi? Mwanangu Michel alipokufa mwaka jana, ni wewe uliyesema kwenye matanga, "Muntu hafe na surua yenye iliisha kwisha. Hii ni mukono ya muntu." Kisha ukamtazama Mama Thacienne, kwa kuwa alimpa mtoto ndizi. Watu wote wakamtazama. Mimi nilijua ukweli na nikanyamaza.

Upele wa Michel ulikuwa umekauka siku nane tu. Ilikuwa Pasaka. Nilimbeba mabegani mpaka misa, mvua ikitunyeshea, ili watu waone jinsi mtoto wa mganga anavyopona. Siku ya nne akaanza kuhema, siku ya tisa kichomi kikamchukua. Sumu haikuwapo. Mimi baba yake ndiye niliyemtoa nje, halafu nikamwacha mwanamke asiye na kosa achote maji peke yake mwaka mzima. Jana nilimweleza Elisabeth. Leo alfajiri alichukua mtungi akaenda kumchotea Mama Thacienne maji.

Kwa hiyo hasira niliyokumwagia hapa, nyingi ni yangu mwenyewe. Nivumilie. Constance akipata nguvu, hata baada ya miezi miwili, nitamleta mwenyewe. Kwa sasa shemeji atume mawese kwa kamio hilohilo, debe zima akiweza. Mafuta yatamfaa mtoto, macho yake bado mekundu.

Msalimie sana shemeji Gustave na mama mkwe wako, umwambie asinichukie kwa kumchelewesha mjukuu wake. Rosalie anakusalimu. Mungu awalinde huko msituni, na sisi atupe akili kabla ya majuto.

Mama Thacienne naye anakusalimu. Yeye hajui kusoma, na Jumapili aliniomba nimsomee barua ya mama wa mtoto. Nikasoma nikiruka mistari. Akatabasamu, akasema, "Huyu mama iko na roho muzuri." Niandikie upesi, dada, barua ninayoweza kumsomea yote.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Théogène