Kuni Nyuma ya Majani Makavu

Jumamosi, 14 Desemba

Nyama imetundikwa jana kwenye kibanda cha moshi. Mapaja manne, mbavu, soseji, na nyama mbili za mgongo. Hizo mbili ndizo za meza ya Mtakatifu Yovan, mtakatifu wa nyumba hii, tarehe ishirini Januari. Mume wangu Obrad alimaliza kutundika, akanawa mikono, akarudi ng'ambo, Graz, kwenye kazi yake ya kupaka rangi. Moto kaniachia mimi.

Miaka yote moto ulikuwa wa baba mkwe. Tangu Oktoba, mshipa ulipompasuka kichwani, mkono wake wa kulia umekufa na maneno yamekwisha. Limebaki moja tu: hapana. Baba, chai? Hapana — na mdomo anaufungua. Nifunge dirisha? Hapana. Nilifungue? Hapana! Miezi miwili namsomea macho, na bado nakosea.

Ami Radisav wa jirani kaja kunifundisha. Kuni za mti wa bukva peke yake, asema. Iwe ya miaka miwili, imebanduliwa magome, maana magome ndiyo masizi. Gonganisha kuni mbili: zikilia kama vikombe, kavu. Zikisema dup, rudisha. Moto uwe mdogo, nyama ipate moshi, isipate joto. Ukiingiza mkono kati ya mapaja usisikie kitu.

Mkewe, Shangazi Stamena, kamkatiza: mwishoni tia mti wa plamu, nyama ipate rangi.

“Plamu ni ya pombe, mwanamke!”

“Na wewe umeshakauka kwa kuinywa!”

Wameondoka wanabishana mpaka getini. Mimi nimebaki na kuni mbili mkononi, nazigonganisha. Dup? Au zimelia? Sijui. Mwanangu Lenka kaamka, analia yeye.

Jumatano, 18 Desemba

Nimeharibu! Asubuhi nimewasha kwa vijiti vya msonobari kwa sababu vinashika haraka. Ami Radisav kanusa akiwa bado barabarani. Kaingia mbio, kautoa moto wote kwa koleo.

“Bi arusi, unataka Mtakatifu Yovan anuke msonobari kama jeneza jipya?”

Nimecheka, halafu nimelia. Tumezifuta nyama kwa kitambaa, moja moja. Kasema labda zimepona. Labda! Mfungo wa Krismasi haujaisha, hakuna wa kuonja. Tutajua tarehe saba Januari, Krismasi yetu.

Jioni ilipokuwa inaingia Shangazi kaleta supu. Kakaa, kaongea. Bado wanamtafuta mwizi wa Mti wa Msalaba. Dhoruba ya Septemba iliupasua katikati, nusu iliyokuwa imekauka ikaanguka, na baada ya siku mbili haikuwepo tena. Mti ambao padre anauzunguka kila mwaka na maji ya baraka! Hata kijiti kikidondoka hakiokotwi, kinaachwa kioze. Wa kitongoji cha chini ndio wameuchukua, asema Shangazi, wale hawana haya. Ami Radisav alikwisha apa mbele ya kanisa: aliyeugusa, mkono umkauke.

Baba alikuwa anasikiliza. Kasema hapana. Shangazi kampigapiga bega. “Hapana kweli, Miloje. Hapana kweli.”

Jumapili, 22 Desemba

Theluji imeingia chini ya nailoni, rundo la nje limelowa upande mzima. Kuni zote dup. Nimezunguka kama kuku. Moto ukizimika siku mbili na ukungu huu, nyama inaoza juu ya kamba.

Nimekwenda kwenye ghala la majani makavu kutafuta hata mbao kuukuu. Nyuma ya majani, chini ya blanketi la farasi — kuni! Bukva. Zimepasuliwa sawasawa, zimebanduliwa, zimepangwa kwa mkono wa Baba, mkono ule aliokuwa akipangia hata vijiko. Nimegonganisha mbili. Zimelia! Hata mimi nimesikia.

Moshi wake mwembamba, wa samawati, una utamu. Nimesimama mlangoni na Lenka mgongoni, tunanusa wote wawili. Mara ya kwanza tangu Oktoba nimejiona naweza kitu.

Halafu fimbo. Baba anapiga ukuta. Hapana! Hapana! Uso mwekundu, machozi. Maji? Hapana. Choo? Hapana. Kaelekeza fimbo dirishani. Nimefunga dirisha, kapiga zaidi. Nimefungua, kapiga vilevile. Nikakaa sakafuni pembeni ya kitanda nikamshika mguu mpaka akanyamaza.

Alhamisi, 26 Desemba

Siku nne. Nikiwasha zile za ghalani, fimbo. Nikirudisha za nje zilizokauka kidogo jikoni, kimya. Nimejaribu mara tatu makusudi, kama mwalimu wa sayansi. Ni zile tu.

Lakini leo amepiga huku anacheka. Au ni mdomo wake tu, upande ulioshuka? Naapa alikuwa anacheka.

Shangazi asema ni wivu, mwanamume hapendi kuona moto wake unawaka bila yeye. Obrad kwenye simu kasema Baba amechanganyikiwa, choma kilichopo. Ami Radisav kaingia kibandani, kafumba macho, kavuta pumzi kama yuko kanisani.

“Miloje mwenyewe hajawahi kupata moshi huu. Umezitoa wapi?”

Ghalani, nimesema. Za Baba.

“Alizificha, mzee mchoyo! Na sisi tunanunua mbichi!”

Kachukua kuni tatu chini ya kwapa, za kwake, za kuonja. Sikuweza kumkatalia.

Ijumaa, 3 Januari

Nimefunga mlango kwanza, ndipo naandika.

Nimefika safu ya chini kabisa ya zile kuni za ghalani. Ukuni mmoja ni mnene kuliko wengine, haukupasuliwa. Nimeugeuza. Msalaba. Umechongwa zamani sana, kingo zimevimba na kuwa nyeusi, na katikati kuna tundu lililozibwa kwa nta. Nimeikwaruza nta kwa ukucha. Imenuka ubani.

Nimekaa juu ya majani. Lenka alikuwa anavuta nywele zangu, sikusikia.

Mwezi wa Machi mwaka jana, na mimba ya Lenka, nilipita pale mtini na Baba. Akasimama, akapiga nusu ile kavu kwa fimbo, ikalia kama kengele. Akasema: bukva iliyokauka ikiwa imesimama, Senka, mtu haipati mara mbili maishani. Nikadhani anauonea mti huruma!

Robo tatu nimekwisha choma. Imo ndani ya mapaja. Imo ndani ya nyama ya Mtakatifu Yovan. Na kuni tatu zimo kwa Ami Radisav — Ami Radisav aliyeapa!

Jumamosi, 4 Januari

Nimemletea Baba ule ukuni, nimeufunga kwenye taulo kama mtoto. Nimeufunua juu ya blanketi.

Ni wewe, Baba? Hapana.

Ulitaka niuchome? Hapana.

Niurudishe mtini? Hapana.

Nikafoka. Sikuwahi kumfokea. Nimesema: Baba, nina mtoto ndani ya nyumba hii, niambie nifanye nini! Kanitazama kwa utulivu. Kisha kauchukua mkono wake uliokufa kwa mkono mzima, kauinua kama mtu anayeinua samaki, kauweka juu ya msalaba. Ukakaa pale. Hakusema hapana.

Sasa nini hiyo? Toba? Au alikuwa anausalimia tu ukuni wake mzuri? Alikuwa anapiga fimbo ili niache, au ili nijue anausikia moshi? Alichukua kwa sababu hakuamini, au aliamini na bado hakuweza kuiacha ioze? Nimemtazama mpaka macho yameuma. Fundi na mwizi wana uso mmoja.

Nimewasha kuni za nje. Za dup. Moshi mzito, mchungu. Afadhali.

Jumanne, 7 Januari

Krismasi. Nilikusudia nisiikate nyama ya moshi, nikaandaa mezani jibini, kabichi na kuku. Shangazi Stamena kaingia na salamu yake ya “Kristo amezaliwa”, katundua paja moja mwenyewe, kakata mwenyewe. Kabla sijageuka, ngozi ya nyama imo mdomoni mwa Lenka! Anaifyonza kwa macho yaliyofumba.

Nimeipokonya. Mtoto kalia, Shangazi kaniona kichaa. “Wewe! Wote tumeota meno kwa ngozi hiyo!”

Mchana Lenka kachemka mwili. Nimempa maji kwa kijiko, nimeomba, nimeutazama mkono wa Baba. Nimejiambia maneno ambayo sitayaandika. Kufikia jioni kapoa. Jino! La chini, kama punje ya mchele.

Nami nimeonja. Niseme ukweli, ni kitabu changu. Sijawahi kula nyama kama ile. Nimekula vipande vitatu nimesimama, huku nalia. Msonobari haumo kabisa.

Jumapili, 12 Januari

Nimemwambia Obrad yote. Kasema: choma zilizobaki, ule ukuni kwanza, nyamaza. Nyama ni nyama. Ukisema, baba yangu atakufa na jina la mwizi.

Nimemwambia: na nisiposema, nitawalisha kijiji kizima mti wao, na kila mmoja atanisifu.

Kasema nimechoka tu.

Nimechoka ndiyo. Lakini ule ukuni siuchomi. Uko chini ya kasha la mkate.

Jumapili, 19 Januari

Nimepanga hivi. Kesho padre akija kubariki mkate wa sikukuu, nitamwita jikoni kabla hajakaa. Nitamwonyesha. Nyama itabaki kwenye kamba mpaka aseme. Mezani nitaweka kondoo wa kuchoma, Ami Radisav ameahidi mmoja. Wageni wakinuna wanune.

Nimemwambia Baba mpango wangu wakati namnyoa. Hapana, kasema. Lakini kidevu kakiinua ili nimalizie shingo. Nimeamua kuwa ni ndiyo. Lazima niamue mimi, basi.

Jumatatu, 20 Januari

Nimesimama jikoni, naandika haraka, wageni wako sebuleni. Nikiandika najua ninachofanya. Nisipoandika sijui.

Hakuna kilichokwenda nilivyopanga! Nilikuwa namvalisha Baba shati jeupe, mkono ule hauingii, dakika ishirini. Padre Gavrilo kafika mapema, Shangazi Stamena kampokea kama kwake. Nilipotoka na Baba kwenye kiti chake, mkate umekwisha barikiwa, mshumaa unawaka, na katikati ya meza — nyama zote mbili za mgongo. Zimekatwa nyembamba. Sahani imefika nusu. Watu kumi na saba wanatafuna.

Ami Radisav kasimama na glasi. Kasema: kwa heshima ya Senka, bi arusi mgeni, na moto wake wa kwanza, na wote wanaomwita Miloje fundi leo wamwite mwanafunzi. Na kondoo wangu pia, asema, nimemchomea kuni za nyumba hii hii, zile tatu, mtasikia wenyewe! Wamepiga makofi. Baba kapiga fimbo. Hapana! Wakacheka: ona, mzee hakubali kushindwa!

Padre kanyanyua kipande mbele ya dirisha, mwanga ukapita ndani yake. Kanusa. Kanusa tena. Kaacha kutafuna.

“Senka, mwanangu, hizi ni kuni gani?”

“Bukva, Padre.”

“Bukva ya wapi?”

Meza yote imenigeukia, na midomo inang'aa mafuta. Ami Radisav anatabasamu kama baba wa arusi, kisu mkono wa kulia, mkono mzima kabisa. Nimesema naja, mkate unaungua. Hakuna mkate kwenye oveni.

Sasa Lenka yuko sakafuni, kauvuta ule ukuni chini ya kasha, taulo limefunguka. Anaguguna kona ya msalaba kwa lile jino moja. Nimemwachia, sijui kwa nini.

Fimbo tena. Mara moja, imenyamaza. Hakuna hapana safari hii.

“Senka?” Padre anaita. Nasikia kiti kinasogezwa. Anakuja mwenyewe.

Nimembeba Lenka. Ukuni hauachii, kaukumbatia kwa mikono miwili, nami sitamnyang'anya; Padre na auone.